Kafedha, Maiti Aliyechezesha Kidole

Wasikilizaji wapendwa, mlio Likoni na mlio Miritini, mnaopika na mnaosubiri kupikiwa, punguzeni shughuli kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Kisauni. Jina lake Kafedha Randu. Aliuza vitunguu katika soko la Kongowea kwa miaka ishirini na minane. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Huenda jina hilo hamlijui. Lakini nikisema "yule maiti wa Mpishi Kalala", najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni. Mwenyewe angependa hivyo, na nina ushahidi.

Kafedha alizaliwa Kaloleni. Aliletwa Mombasa akiwa bibi harusi, na mumewe ni Mzee Ngowa, aliyefanya kazi ya kuli bandarini Kipevu mpaka magoti yakamkataa. Ngowa ni mtu wa maneno machache. Kafedha alikuwa na maneno ya watu wawili, yake na ya mumewe. Lori la vitunguu likiingia kutoka bara, dereva aliisikia sauti yake kabla hajaliona lango la soko. Wenye mikokoteni walimpisha bila kuambiwa. Mnunuzi aliyebofya kitunguu mara mbili aliulizwa kama anataka kukioa.

Bi Mwanasaumu, muuza ndimu aliyepakana naye kwa miaka yote hiyo, ametuambia hivi: "Kafedha akinyamaza, nilikuwa nainuka kwenda kumgusa. Nione kama mzima."

Basi sikilizeni mambo ya dunia. Mwanamke huyo, mwenye sauti kuliko wote Kongowea, ndiye aliyekuja kujulikana kwa kulala kimya.

Miaka miwili iliyopita alifika sokoni kijana wa Changamwe, Brandon, mtengeneza filamu. Alikuwa anatafuta maiti. Filamu yake, "Mpishi Kalala", ilikuwa ya mauaji, lakini ya kuchekesha. Mpishi mashuhuri anakutwa amekufa jikoni, asubuhi ya harusi. Wageni wako njiani. Biriani iko motoni. Wenye harusi wanamficha maiti nyuma ya masufuria, huku askari akiuliza maswali na kila mtu akimshuku mwenzake. Brandon alikuwa ameshapata bibi harusi, shangazi, mjomba na askari. Maiti alikosekana. Wanawake sita walikataa. Wa saba alimrushia maji ya kuoshea mchicha.

Kafedha alimuuliza kazi yenyewe ni nini.

"Kulala tu, mama. Usiseme kitu."

"Na watu watanitazama?"

"Wote watakutazama."

Kafedha akamgeukia Mwanasaumu. "Shoga, miaka yote hii nasimama juani napasua koo ili watu wanitazame. Kumbe ningelala."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mzee Ngowa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtu hajichulii kifo. Mnaijua itikadi hiyo, wapendwa. Mambo mengine hayaigizwi, ni uchuro. Hakumkataza mkewe. Alisema neno moja tu: "Nenda. Lakini mimi sitatazama mke wangu akiwa amekufa." Na Ngowa akisema, amesema.

Filamu ilipigwa Likoni, katika nyumba ya kuazima, kwa wiki mbili. Kafedha alilala sakafuni akifunikwa leso, miguu nje. Alilala vizuri sana. Isipokuwa mara moja. Askari anamhoji shangazi wa bibi harusi, maiti yuko nyuma yao, na kidole gumba cha mguu wa kulia kinajikunja. Kinajikunja, kinajinyoosha. Brandon alikuja kukiona masufuria yalipokuwa yamesharudishwa kwa wenyewe na nyumba imefungwa. Akakiacha.

Filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja wa Kisauni. Watu walicheka tangu mwanzo. Katikati, sauti ikatoka nyuma: "Maiti kachezesha kidole!" Tangu hapo hakuna aliyejali tena nani kamuua mpishi.

Maoni juu ya filamu yenyewe yalikuwepo. Wapo waliosema muuaji alijulikana mapema mno, kwa sababu mjomba wa bibi harusi peke yake ndiye aliyekataa biriani, na mtu anayekataa biriani ya bure ana lake jambo. Mwalimu wa kwaya mmoja wa Changamwe, Bi Rosalia, alisema filamu ni nzuri, ila maiti alivutwa miguu kupita heshima ya maiti. Lakini mjadala mkubwa ulikuwa kidole. Wengine walisema ni siafu. Wengine walisema mpishi hakufa, alileweshwa dawa, na ataamka katika filamu ya pili. Bonface, dereva wa lori anayelala Miritini, aliitazama mara tatu kwenye simu, akaapa: "Hiyo kidole iliwekwa makusudi. Msinibebe ufala."

Na Kafedha? Kafedha aliyakusanya maoni hayo kama anayekusanya embe zilizodondoka. Alikuwa anapima vitunguu huku akiuliza, "Umeniona? Nimekufaje?" Aliyesema amekufa vizuri alipata kitunguu cha nyongeza. Aliyesema amekufa vibaya alipata viwili, ili abaki aeleze. Na kila aliyemuuliza habari ya kidole alijibiwa jibu lile lile: "Kamuulizeni mume wangu."

Watu walidhani ni mzaha. Mumewe hakuwa ameitazama filamu.

Hayo ndiyo maoni aliyoyakosa, wapendwa. Soko zima lilimwambia amekufaje. Mtu mmoja tu hakumwambia, na huyo ndiye aliyemtaka. Binti yao, Caroline, anakumbuka vizuri. "Mama aliitia filamu kwenye simu ya baba. Kila Jumapili tukitoka kanisani alimuuliza: bado? Baba akajibu: bado. Mama akacheka, akaingia jikoni."

Mwaka mzima na zaidi. Bado? Bado.

Mwezi uliopita, Jumatatu asubuhi, Kafedha alianguka akiwa anafunga leso kiunoni aende sokoni. Ilikuwa presha, ambayo alikuwa nayo kabla ya filamu, kabla hata Brandon hajashika kamera. Jumatano alifariki. Jumapili ya mwisho alikuwa ameuliza tena, na jibu lilikuwa lile lile.

Kwenye matanga maneno yakaanza. Yalianza chini chini, kwenye masufuria, yakapanda mpaka kwenye viti vya wazee. Kwamba alijichulia. Kwamba filamu ndiyo iliyomla. Kwamba mumewe alionya, akapuuzwa. Walimwambia Ngowa hivyo kwa kumfariji, kana kwamba kuwa sahihi kunampunguzia mtu msiba. Ngowa alikuwa anatazama mikono yake tu.

Brandon alifika siku ya tatu. Alitoa shikamoo, akakaa mkekani, na akasema alilojia. Mzee akitaka, ataiondoa filamu kila mahali ilipo na kuifuta kabisa. Isionekane tena na mtu yeyote. Uamuzi ni wa mzee.

Wengi walijua jibu litakuwa nini. Aliyesema ni Bi Mwanasaumu.

"Baba Karo, ukitaka ifutwe, ifutwe. Lakini itazame kwanza. Wallahi usihukumu kesi hujaisikiza."

Siku ya kuanua tanga, watu walipomaliza kula mchana, Ngowa alimwambia Caroline afunge mapazia.

Wasikilizaji wapendwa, nataka mkione chumba hicho. Televisheni iko juu ya kabati, Brandon kando yake. Mzee Ngowa yuko kwenye kigoda, karibu kabisa, mkono juu ya goti baya. Nyuma yake wamejaa majirani na watu wa sokoni. Ni filamu ya kuchekesha, na hakuna anayecheka. Mpishi anakutwa amekufa, chumba kizima kinainama. Mjomba anakataa biriani, hakuna anayemzomea. Askari anaingia jikoni, anamhoji shangazi. Hapo ndipo kila ukumbi ulipopiga kelele. Safari hii hata Bonface alikuwa ameshika mdomo.

Kidole kikajikunja. Kikajinyoosha.

Ngowa akainua mkono. "Rudisha."

Brandon akarudisha. Kidole kikajikunja, kikajinyoosha.

"Rudisha."

Mara tatu. Watu waliona mabega ya mzee yanatikisika, na Caroline akainuka amshike. Lakini mzee alipogeuka, hakuwa analia. Au tuseme, hakuwa analia tu.

"Anacheka huyu," alisema. "Hapo anazuia kicheko."

Akawaeleza, na Caroline anasema hajawahi kumsikia baba yake akiongea maneno mengi hivyo kwa mara moja. Siku ya harusi yao, Kaloleni, mchungaji alikosea akamwita bwana harusi kwa jina la kaka yake. Ngowa kwa haya akatazama chini. Akaona, ndani ya ndala za bibi harusi, kidole gumba kinajikunja. Miaka thelathini na minne alikiona kidole hicho. Kanisani, kwenye mahari za watu, mbele ya wakwe. Kafedha alipokibana kicheko kinywani, kilimshukia mguuni.

Kisha akauliza, "Huyo askari kasema nini hapo?"

Hakuna aliyejua. Fikirini hilo, wapendwa. Mjadala wote ule, siafu na dawa na njama, na hakuna aliyesikiliza, kwa sababu wote walikuwa wanatazama kidole. Brandon akarudisha tena, akaongeza sauti. Askari alikuwa amesahau maneno yake. Amekwama mbele ya kamera, anatoa macho, kisha anamuuliza shangazi, kwa ukali wote wa serikali, hizo herini kanunua wapi.

Chumba kikaangua kicheko. Kicheko cha matanga, kile kinachotoka na machozi yake.

Brandon akauliza kuhusu kuifuta. Ngowa akamtazama kama aliyeulizwa kama auze nyumba.

"Mke wangu kafa vibaya sana humo," alisema. "Hakuna maiti wa namna hiyo. Usiifute."

Kwa Mzee Ngowa, kwa Caroline na wajukuu, kwa Bi Mwanasaumu na wauzaji wote wa Kongowea, pokeeni pole zetu. Mungu amlaze Kafedha Randu mahali pema, na huko waliko watulivu wamvumilie. Nasi tuliobaki tujiulize. Kuna mtu nyumbani mwako anayekuuliza jambo dogo kila wiki, na kila wiki unamwambia bado. Soko zima limeshamjibu. Anakusubiri wewe.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Caroline alimkuta baba yake ameketi mlangoni mwa jikoni, simu mkononi. Hakumuuliza kitu. Mzee ndiye aliyeinua macho akasema, si kwa binti, bali kwa jiko lililo tupu:

"Tayari."