Darasa la Ndege la Mzee Debe

Pale Nachingwea, ukitoka wanakopakia abiria wa Ruangwa ukaambaa na mtaro, utakuta banda la fundi baiskeli, na mbele yake benchi la ubao uliong'olewa kwenye bodi la lori kuukuu. Benchi halina mgongo, na wanaolikalia hawana haya. Mwenye banda ni Lukumani, ila ukimwita Lukumani hageuki, mwite Spoku. Jirani yake hukaa Swalehe, anayeitwa Hansadi kwa kuwa anakumbuka kila neno ulilowahi kusema wewe na hakumbuki hata moja alilosema yeye. Kisha Fidelis, yaani Karasha, aliyechimba dhahabu Namungo miaka saba akarudi na kikohozi na hadithi. Kahawa ni ya Amna, ambaye hajapewa jina la utani kwa sababu ndiye mwenye birika. Mwisho wa benchi ni mahali pa Mzee Harithi, Mzee Debe, aliyeamia mashamba tangu utoto, akiwafukuza ndege kwa kupiga debe, mpaka debe likawa jina lake.

Ijumaa ile, baada ya alasiri, Mzee Debe alifika na neno kifuani. Mwaka wa pili sasa presha ya macho ilikuwa inamnyang'anya dunia kidogo kidogo. Daktari alimpa dawa ya matone na hakumficha: nuru iliyobaki tutailinda, iliyokwenda hairudi. Iliyobaki ilikuwa mwanga na vivuli. Kijiweni hakumwambia mtu. Waliojua ni mkewe Ashura, ambaye miguu yake haiwezi mwendo mrefu, na Marietha, mwenzake wa darasa la kuwatambua ndege, aliyemshika mkono kila Jumamosi kwenye vijia vya pori la Chiola. Sasa Marietha anakwenda Lindi kumlea binti yake aliyejifungua, na hatarudi karibuni. Bila mkono wa kushika, darasa limekwisha. Mzee Debe alikuja kumwomba mmoja wa hawa, na aliona aibu.

– Karasha huyu, nakaa! alisema Fidelis. Ndiyo desturi ya benchi lile: anayefika hujitaja jina kabla ya kukaa.

– Amna hapa, mjomba. Kahawa hii, mkono wa kulia. Moto, angalia.

Kikombe kilitua kiganjani. Mzee Debe aliivuta harufu yake, akavuta na pumzi ya kuanzia.

– Jamani, kesho Jumamosi…

– Tunajua! akadakia Hansadi. Jumamosi ni siku ya wazee wazima kwenda porini kukodolea ndege. Mtu amewafukuza ndege miaka hamsini, leo anakwenda kuwasalimia. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

– Hiyo methali imeingiaje hapo? aliuliza Spoku.

– Imeingia kwa mlango. Wewe ziba pancha.

– Mimi nawaambia lile darasa lina mchongo, alisema Karasha. Haiwezekani Mwalimu Scholastika, mstaafu, ana mafao yake, ana migomba yake, aamke alfajiri afundishe watu wazima bure. Bure! Nyie hamjui. Namungo kuku akichinjwa, firigisi haitupwi hovyo, inaoshwa kwenye karai. Kuku anadonoa chochote kinachong'aa. Sasa kama kuku wa kutembea anameza dhahabu, ndege wa kuruka je? Yule anatafuta mwamba. Anafuata ndege mpaka wanapodonoa, anaweka alama.

– Acha kamba, Karasha, alisema Spoku. Umewahi kuikuta?

– Niliwahi kukuta.

– Dhahabu?

– Kifungo cha shati. Lakini kilikuwa kinang'aa.

Walicheka. Mzee Debe naye alicheka, kisha akajilaumu, maana neno lake lilikuwa limerudi tumboni.

– Hapo umechemka, alisema Hansadi. Dhahabu ni mambo madogo. Mimi nilisikia ndege wanavishwa pete mguuni, pete ina namba. Uongo, Debe?

– Ni kweli, wapo wanaovishwa. Ajulikane alikotoka na alikofika.

– Haya! Mwenye namba ana kazi. Wale wanahesabu korosho zetu zingali mtini. Ndege anakaa juu ya mkorosho wako, anahesabu, anapeleka taarifa. Wewe unafika ghalani na magunia yako, wenzako walishayajua tangu maua. Ndiyo maana wahenga walisema, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

– Na hiyo nayo imeingiaje?

– Kunguru si ndege?

Spoku aliweka spana chini. Akiweka spana chini, watu hujua kinakuja kikubwa.

– Mmeishia katikati. Pete yenye namba ni nini? Ni kitambulisho. Akishapata kitambulisho ni mkazi. Akishakuwa mkazi ataitwa kwenye mkutano wa kijiji, atadaiwa mchango wa madawati. Ndege ana mfuko? Hana. Atadaiwa nani? Mwenye mti anaolalia! Mimi nina mwembe una chiriku kama mia mbili. Nimekwisha.

Amna alicheka mpaka birika likagongana na vikombe.

– Jamani mwacheni mwenyewe aseme. Mjomba, huko Chiola umepata nini hasa?

Mzee Debe aliona mlango umefunguka. Lakini mtu hawezi kuingia na mzigo mzito kwa mara moja, kwa hiyo akaanza na ule mwepesi.

– Siku ya kwanza niliwaharibia. Tulitembea kwa muda wa saa mbili, Mwalimu anatuambia kimya, kimya, kuna kundi analitafuta. Tukafika penye mtama wa watu, tukajibanza. Mara nasikia vuuu! Kwelea kwelea, wingu zima, wanashuka kwenye mtama. Mimi akili ikaniruka. Nikanyakua sufuria ya chai ya Mwalimu na mfuniko wake, nikapiga kwa nguvu zangu zote: hao! hao! haooo!

– Yalaa! Wakaondoka?

– Wakaondoka wote, na chai ikaondoka nao. Darasa zima linanitazama. Nikasema leo nafukuzwa mimi. Mwalimu akakaa chini, akacheka, akafuta machozi, akasema, "Mzee Harithi, katika sisi wote ni wewe tu uliyewajua kabla hawajaonekana. Umewajuaje?" Nikamwambia, kwa mlio wa mbawa. Akasema, "Basi hicho utatufundisha sisi."

Hata Hansadi hakutia methali.

– Wiki ya pili ikaja darubini, ya kupokezana. Nikaiweka machoni, nikasema naam, mzuri kweli, nikampa mwenzangu. Mwalimu hakusema kitu. Wiki iliyofuata akatuambia wote tufunge macho, leo ni darasa la masikio. Na mpaka leo kila Jumamosi saa ya kwanza ni ya masikio. Dudumizi analia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Kwale anagombana na mkewe. Mimi zamani asubuhi kwangu ilikuwa kelele za wezi wa mtama. Sasa nikiwa kitandani, kabla sijafungua… kabla sijaamka, nawasikia mmoja mmoja, na kila mmoja najua yuko kwenye mti gani. Namshukuru Mungu, na yule mama namshukuru. Amenipa asubuhi.

Sasa, alijiambia. Sasa sema.

– Hodi hapo! Marietha huyu!

Alikuwa Marietha mwenyewe, na begi la safari, amepita kuaga. Amna alimpa kikombe, naye hakukaa. Mtu wa watu, Marietha, ila hakuna aliyemwambia kwamba lile jambo ni siri.

– Mzee wangu, basi langu ni kesho alfajiri. Nimekuja na swali moja tu, maana halikuniacha nilale. Kesho nani anakushika mkono?

Mzee Debe alihisi uso umewaka. Muda wote aliokaa hapo kama mtu anayeona umemwagika mtaroni kwa swali moja.

– Macho yangu… alianza. Jamani, nilitaka kuwaambieni…

– Utuambie nini, Debe? alisema Hansadi, na sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya kila siku. Mwaka wa pili huu mtu akija hapa anajitaja jina kabla hajakaa. Ulidhani adabu imetushukia?

Mzee Debe alianza kuhesabu. Karasha huyu, nakaa. Kahawa hii, mkono wa kulia. Ule ubao mpana uliowekwa juu ya mtaro, Spoku akasema ni kwa ajili ya baiskeli za wateja. Kwenye bao, Hansadi akitangaza kila kete kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na yeye Debe akimwona msumbufu tu. Amejifunza kumjua ndege kwa mlio wa mbawa, na hakuwasikia watu waliokaa naye benchi moja.

– Tulingoja useme mwenyewe, alisema Spoku. Haraka ya nini?

– Asanteni, alisema Mzee Debe. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Wallahi asanteni. Mimi mjinga.

– Hilo tulilijua kabla ya macho, alisema Karasha. Haya, kesho namshika mimi.

– Wewe? Na kikohozi hicho utawafukuza ndege wote. Nakwenda mimi.

– Hansadi, huwezi kunyamaza dakika moja, utaweza saa ya masikio? Nakwenda mimi, nafunga banda.

– Unakwenda kuhakiki chiriku wako!

– Na mwenzio anakwenda kuangalia firigisi!

Amna aligonga birika kwa kijiko.

– Msinivunjie vikombe. Atakwenda atakayejua jambo moja. Huyo anayelia sasa hivi hapo kwenye waya, ambaye amelia hapo kila jioni tangu benchi hili liwekwe, ni ndege gani?

Wote wakainua shingo.

– Kunguru, alisema Karasha. Kunguru mtoto.

– Mkia umegawanyika kama mkasi, alisema Spoku. Huyo si mwenyeji. Huyo wa Ruangwa.

– Wahenga walisema… alianza Hansadi, akatafuta, akakosa.

Mzee Debe alijua. Mramba, yule mweusi mjanja anayeiga sauti za wenzake, na hapo alikuwa anamwigiza kipanga. Jina lilimfika ulimini. Akalimeza pamoja na tone la mwisho la kahawa, akatabasamu.

– Debe, tuambie basi!

– Debe leo halilii.

Amna aliinamisha birika juu ya kikombe cha Marietha, likatoa mvuke tu.

– Kahawa imekwisha, alisema. Sasa nani anakwenda?

– Waje wote wajifunze, alisema Mzee Debe. Kesho, saa kumi na mbili asubuhi, hapa hapa. Na mkifika, mjitaje majina kama kawaida.