Msingi Usiofika Kwenye Changarawe

Bwana asifiwe, nyie mliopata kivuli cha turubai, na nyie mnaoungua jua huko nyuma! Asifiwe tena!

Ndugu zangu, asubuhi Mchungaji amewatangazia kwamba leo tunasali nje kwa sababu ya joto. Msimlaumu, mimi ndiye niliyemwambia hivyo, naye akaniamini. Joto la hapa kwetu Majimoto halijaanza leo na hatujawahi kulikimbia. Tumetoka nje kwa sababu ya ukuta ule wa kushoto, na ukuta ule umeharibika kwa sababu yangu. Hiyo habari ya joto ni uongo wangu wa mwisho. Nimesimama hapa niufute, pamoja na mwingine mkubwa uliotangulia.

Mnaniita Injinia Elia. Mimi si injinia. Nina stashahada ya ujenzi, tena nilifaulu vizuri sana, na msidhani ni kitu kidogo. Nimesimamia maghorofa Dar es Salaam ambayo ukiyatazama mpaka juu kofia inadondoka. Lakini injinia siyo, na mlipoanza kuniita hivyo sikuwasahihisha. Nilipenda. Mnaona? Hata kwenye toba bado najisifu. Mniombee.

Niliporudi nyumbani, Jumapili ya kwanza nilisimama mbele yenu nikiwa na suti na viatu vyenye ncha, nikasema, "Hakuna mtu aliyenishika mkono ila Mungu. Nimejitengeneza mwenyewe." Mlipiga makofi. Siku ile Mzee Lusambo alikuwa ameketi benchi la mbele, naye alipiga makofi.

Mzee Lusambo ni baba yangu mdogo. Wengi mnalijua hilo, lakini wageni wasikie. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado nashindwa kufunga vifungo vya shati. Baba mdogo alinichukua, akanilea pamoja na watoto wake, akanifundisha uashi. Alinifundisha kushika mwiko, kusoma timazi, na kugonga tofali kwa kidole na kusikia kama limeiva. Siku naondoka kwenda chuo alinipa mwiko wake mwenyewe, wenye mpini uliolainishwa na kiganja chake. Sikumbuki niliuacha wapi. Nilikuwa nimeanza kushika kalamu.

Huyo ndiye aliyenitengeneza. Nikasema nimejitengeneza mwenyewe, naye akapiga makofi!

Kanisa liliponipa kazi ya kusimamia jengo hili, nilichora ramani. Ilikuwa ramani nzuri, hata leo nasema. Baba mdogo akawa fundi mkuu wa kuta. Kabla ya kuchimba, alichukua udongo wa hapa, akaufinyanga donge, akaliweka juani. Jioni akaniletea. Lilikuwa limepasuka vipande.

"Elia," akasema, "huu ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikija unavimba, kiangazi unanywea. Hauwezi kubeba nyumba. Tuchimbe mpaka tukutane na changarawe nyekundu, hata kama ni usawa wa kifua."

Ndugu zangu, nilijua! Msiseme kijana alidanganywa na vitabu vya mjini. Somo la udongo nilisoma, na mtihani wake nilifaulu. Vitabu na mzee walisema jambo lilelile. Lakini nilikuwa nimewatangazia kwamba Krismasi tutasali ndani, na nilikuwa nimealika watu wangu wa Mpanda mjini waje waone. Udongo ulikuwa mgumu kama mwamba, vijana walikuwa wanachimba kidogo kidogo, na mawingu yalishaanza kukusanyika.

Kisha ukatokea msiba Kasekese, kwa ndugu zake mama mdogo. Baba mdogo akaenda kuzika. Hakuondoka hivi hivi. Alifika mpaka mtaroni, akasema mbele ya vijana, "Msimwage zege kabla sijarudi." Mimi nikaitikia, "Sawa, baba."

Alikaa msibani siku tatu. Siku ya pili nikawaambia vijana inatosha, upande wa kushoto tumwage. Mtaro ulikuwa usawa wa goti. Kijana mmoja akauliza, "Injinia, si mzee alisema tumngoje?" Nikamjibu, "Mzee ana cheti gani?" Wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Baba mdogo aliporudi alikuta zege limeshakauka. Alisimama kando, akatazama mtaro, akatazama lundo la udongo tuliotoa, akaniuliza mbele ya vijana wale wale.

"Elia, ulifika kwenye changarawe?"

"Nimefika, baba."

Vijana waliochimba wakaniachia nijibu; nani angembishia injinia? Neno moja, ndugu zangu. Halina hata jasho. Baba mdogo akachukua mwiko, akaanza kupandisha ukuta juu ya neno langu.

Krismasi tulisali ndani. Mlinibeba mabegani. Mvua zikapita, na kiangazi kilichofuata ufa ukatokea, kutoka chini ya dirisha la pili, ukipanda kama mjusi. Wazee wa kanisa wakaitisha kikao. Mimi nilifika na ramani mkononi, nikaikunjua mezani, nikasema, "Ramani hii haina kosa. Mimi nilichora. Aliyejenga ukuta ni Mzee Lusambo."

Kila neno hapo ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo. Shetani hahitaji zaidi ya hapo!

Baba mdogo hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kwa mara ya pili, "Elia, ulifika kwenye changarawe?" Nikamtazama machoni, nikasema, "Nilifika." Petro alikana na asubuhi hiyohiyo akalia. Mimi nimekana mpaka huu mwaka wa pili, nikila na kulala vizuri.

Mnajua kilichofuata, kwa sababu na nyie mlishiriki. Aliondolewa uzee wa kanisa. Hakuna aliyemwita tena kujenga hata choo. Mtu aliyejenga nusu ya nyumba za hapa akawa anakwenda kuvuna mpunga wa wengine kama kibarua. Kijiweni kwa bodaboda wakampa jina: Mzee Nyufa. "Mzee Nyufa anapita! Shikeni kuta!" Nilikuwepo siku moja nikisubiri pikipiki. Nilicheka nao. Alinisikia, nikajua amenisikia, maana alipunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea.

Mama mdogo hakuacha kuniletea mchele mpya kila msimu. Mara ya mwisho nilimpa shikamoo, akaitikia, halafu akasema, "Mwanangu, siku hizi unaniamkia ukitazama viatu vyangu. Vina nini?"

Na kuna jambo moja mlilinung'unikia sana, na mimi nililichochea. Kila Jumapili baba mdogo alikuja mapema na kuketi palepale pembeni ya ufa, kwenye benchi la watoto wa shule ya Jumapili. Mlisema hana aibu. Mlisema, "Angalia, anaketi kutazama uharibifu wake." Wengine mlisema ameanza kuchanganyikiwa.

Jana mchana, Jumamosi, nilikuja hapa na kitambaa. Nisiwafiche: kwa ajili ya wageni wetu wa wiki ijayo, nilitaka kutundika kitambaa cheupe ukutani kufunika ufa, na juu yake niandike "Karibuni". Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta baba mdogo amepiga magoti kwenye ukuta. Nikadhani anaomba.

Hakuwa anaomba. Alikuwa na kopo la plasta na msumari. Alikuwa anabandika kiraka chembamba juu ya ufa, halafu anakikwaruza alama kwa msumari.

"Baba mdogo, unafanya nini?"

"Napima," akasema bila kugeuka. "Kiraka kikidumu, ukuta umelala. Kikikatika, ukuta unatembea." Akanionyesha vingine vilivyotangulia, toka chini kwenda juu. Vyote vilikuwa vimekatika. "Hivi vya zamani vilichukua miezi. Hiki nimekiweka Jumamosi iliyopita tu. Tazama."

Kilikuwa kimepasuka katikati, kidole changu kiliingia.

"Kwa nini hukuwaambia wazee?"

Hapo aligeuka. "Niwaambie mimi? Mzee Nyufa?"

"Na huko kuketi hapa kila Jumapili…"

"Watoto wanakaa hapa, Elia. Plasta ikianza kudondoka, lazima awepo mtu anayejua maana yake, awatoe. Mwalimu wao anajua nyimbo tu."

Ndugu zangu! Mtu tuliyemwita mwendawazimu alikuwa amejiweka kati ya ukuta wangu na watoto wenu, kila Jumapili, akivumilia mkimsengenya mgongoni! Nilishika kile kitambaa changu cheupe nikatamani ardhi inimeze.

Kisha akaniuliza kwa mara ya tatu. Lakini safari hii hakuniuliza kama mzazi.

"Sasa nijibu kama fundi. Nataka kuweka mirunda, nguzo za miti za kuegemeza ukuta, na sijui niiweke wapi kama sijui chini kuna nini. Nikikosea, ukuta utamwangukia anayeuegemeza. Ulifika kwenye changarawe?"

Nilijua anayeuegemeza ni yeye.

"Sikufika, baba."

"Uliishia wapi?"

"Kwenye goti."

Akafunga kopo la plasta. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu niliporudi Kasekese. Lundo lote la udongo lilikuwa jeusi. Halikuwa na punje moja ya changarawe."

Nikapiga kelele, Mungu anisamehe, nikampigia kelele yeye! "Sasa kwa nini ulijenga?"

Akasema neno ambalo limenivunja mifupa. "Kwa sababu wewe umesoma. Nilijiambia labda shule inajua kitu nisichokijua. Nilikuwa najivunia wewe, Elia. Fundi anayeliona lundo jeusi na kunyamaza si fundi. Na wewe unisamehe."

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemvua jina lake, na yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nililia sakafuni pale, kwenye sakafu niliyoisifia rangi yake siku ya kuzindua. Kilichokuwa kifuani mwangu kilitoka. Miaka yote nilisali kwa sauti kubwa hapa mbele na sikuwahi kusali kama jana, na sikusema neno hata moja.

Akanipa mkono, akaninyanyua. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini ukuta hauna habari ya msamaha. Kesho watu wasiingie ndani, na utawaambia wewe kwa nini." Nikakubali. Asubuhi nikaenda kwa Mchungaji nikamwambia joto. Baba mdogo alikuwa ameketi hapo nje juu ya mirunda, akasikia tangazo, akaniita pembeni.

"Joto?"

Nikatazama chini.

"Elia, umeanza tena?"

Ndiyo maana nimesimama. Mungu alinifungua jana, na leo asubuhi nilikuwa najifunga tena kwa kamba ileile. Lakini amenivumilia, jina lake lisifiwe!

Basi hili ndilo nililokuja kusema. Ukuta ule haukuharibiwa na Mzee Lusambo. Tofali zake zimesimama wima mpaka leo; zinazama pamoja tu kwa sababu mimi niliziwekea uongo chini. Wazee wa kanisa, mrudishieni nafasi yake. Vijana wa kijiweni, nawaona mkiwa hapo nyuma: jina la Nyufa ni langu, niiteni mimi. Na yeyote kati yenu aliye na neno moja alilolisema zamani, na mtu mwingine akajenga juu yake, asisubiri kiraka kikatike. Mwache Yesu aje akuulize tena. Hakuulizi ili akuaibishe. Anataka kujua aweke wapi mirunda.

Tukimaliza sala, tutaubomoa ukuta taratibu, tofali kwa tofali kutoka juu, watoto wakae mbali. Fundi mkuu ni Mzee Lusambo. Mimi nitakuwa saidia fundi: nitabeba tofali na maji, na nitachimba. Stashahada nimeiacha nyumbani, na suti msiyoiona leo iko nayo.

Tutachimba mtaro upya. Safari hii sitasema nimefika. Baba mdogo atashuka mwenyewe mpaka kifuani, atachota kwa mkono wake, atawaonyesha, na mtakapoiona changarawe nyekundu kwenye kiganja chake, ndipo mseme wote amina.