Leontina Nkandu, Fundi wa Nyumbani Aliyepigwa na Radi

Wasikilizaji wapendwa, leo mtanivumilia sauti. Mimi ni Agripa Mukuka. Kwa miaka tisa nimekaa kwenye kiti hiki kila Alhamisi kuwakumbuka waliotutoka, na wengi wao walikuwa wameugua, tukapata muda wa kujiandaa. Kwa huyu hatukujiandaa. Jumamosi saa saba mchana alikuwa anakanda unga. Saa tisa na robo alikuwa amekufa.

Anaitwa Leontina Nkandu. Naona bado nasema anaitwa. Mama Mwaba, wa hapa Luanshya, kwenye zile nyumba za zamani za mgodi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alipigwa na radi uani kwake, Jumamosi, saa tisa na robo.

Wengi wenu mlimjua kwa pasi zenu. Tuseme kweli, ni nani katika mtaa ule ambaye pasi yake haijawahi kulala kwa Mama Mwaba? Alifanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka kumi na tisa, akazijua nyaya moja moja kama mtu anavyowajua wajukuu. Walipopunguza wafanyakazi akarudi nyumbani. Mumewe, Silvesta Kasonde, ambaye wote tunamwita Baba Mwaba, alidhani mkewe atapumzika. Wiki ya pili akakuta chumba cha makaa kimefagiliwa, kimepakwa chokaa, na jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, limefungwa kwenye meza ya kulia chakula.

"Sasa tutakula wapi?" Baba Mwaba aliuliza.

"Magotini," mkewe akajibu. "Babu yako alikula magotini akaishi miaka tisini."

Hicho ndicho kilikuwa chumba chake cha kazi. Koleo, bisibisi, lehemu, kipima umeme alichokiazima kwa mtu akasahau kukirudisha, na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Asubuhi alitengeneza. Mchana alipika. Jioni alivunjavunja vitu vizima ili ajue jinsi vilivyoundwa. Na hakutoza mtu. Niliwahi kumuuliza sababu. Akaniambia, "Nikichukua pesa itakuwa kazi, Agripa. Kazi nilishaacha. Hii ni raha yangu."

Watu walimlipa kwa karanga, kwa mboga za maboga, kwa kuku mmoja aliyekuwa mkali mpaka akarudishwa kwa mwenyewe.

Binti yake, Mwaba, ananikumbusha habari ya mashine ya karanga. Mama yake alichoka kutwanga karanga za ifisashi, mboga zetu za karanga. Mnajua ifisashi bila karanga laini ni majani tu. Basi akachukua mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, akaifunga kwenye sufuria, akaiwekea visu vya bati. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Baba Mwaba alikuwa amesimama mlangoni, amevaa suti, anangoja waende kanisani.

"Mama akabonyeza swichi," Mwaba anasema. "Karanga zikaenda kwenye dari, zikaenda kwenye picha ya babu, zikaenda kwenye suti ya baba. Baba akasema, 'Mama Mwaba, hii ni mashine au ni bunduki?' Mama hata hakumtazama. Alikuwa ameinamia sufuria. Akasema, 'Kifuniko. Nimesahau kifuniko.'"

Kanisani walikwenda hivyo hivyo, na suti hivyo hivyo. Mashine ile ilipopata kifuniko ilisaga karanga za mtaa mzima kwa miaka sita.

Hata sisi wa redio alitutengeneza. Siku moja alikuja hapa na mfuko wa mkononi, akamwambia mlinzi, "Redio yenu inavuma kama nyuki. Kuna waya umelegea." Mlinzi akataka kumfukuza. Nikatoka, nikamwingiza. Dakika ishirini tu, mvumo ukakoma. Alipomaliza akafungua ule mfuko, akatoa skonzi, akanipa mbili. Alizioka mwenyewe katika tanuri alilotengeneza kwa pipa la mafuta, uani, chini ya paa la bati lenye nguzo za chuma.

Kando ya tanuri hilo, wasikilizaji, ndipo alipofia.

Sasa nawaombeni mnisikilize vizuri, maana mengi yamesemwa wiki hii, na mengine yalisemwa hapa hapa.

Jirani yake ni Bibi Chola. Nyumba zao zimetenganishwa na ua wa miti wenye pengo. Bibi Chola ni mjane, ana miaka sabini na nne, anaishi na mjukuu wake aliyechumbiwa. Wiki iliyopita alipeleka jiko lake la umeme kwa Mama Mwaba kwa sababu koili ilikuwa haipati moto. Alhamisi akaenda kulichukua. Mama Mwaba akakataa kulitoa. Waya wake ulikuwa umechunika, na mtu alikuwa ameuzungushia kitambaa.

"Bibi, hili nikikupa hivi, kesho nitakuja kukuzika," Mama Mwaba alisema.

"Basi nizike. Lakini kwanza nipe jiko, nina njaa."

"Njaa nitakuletea nshima na mboga, ule. Jiko silitoi."

Wakaanza kwa utani, wakaishia kwa hasira. Bibi Chola alirudi kwake akipiga kelele, na mtaa mzima ukasikia maneno yake: "Likalie hilo jiko! Siku moja utaungua na huo umeme unaoupenda!"

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, radi.

Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na mnajua mvua zetu za Novemba. Wingu lilitokea upande wa mgodi. Waliomwona wanasema radi ilipiga mara moja tu, sauti kama bati kubwa linalopasuliwa. Walipofika uani alikuwa amelala kifudifudi kando ya tanuri, sinia iko chini, mikate imetawanyika kwenye maji. Wakambeba hadi hospitali. Daktari hakuwa na la kufanya. Na huyu ndiye mwanamke ambaye mvua ikinguruma alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akigonga milango. "Chomoeni plagi. Jamani, chomoeni plagi."

Sisi hatukuyakumbuka hayo. Tulikumbuka maneno ya Bibi Chola.

Jumapili asubuhi, saa mbili, kwenye kipindi cha salamu, nilikuwa kwenye kiti hiki nikisoma ujumbe wenu wa simu. Ukaja mmoja, nami nikausoma. Ulisema, "Luanshya kuna bibi anayetuma radi, nyumba yake tunaijua." Nikausoma kwa sauti. Nikacheka kidogo, nikasema, "Haya, mambo hayo." Nikaweka muziki.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimeyataja leo ili msiyasikie kwa mtu mwingine.

Jumapili mchana akafika Mzee Lazaro Bwembya, kaka mkubwa wa marehemu, kutoka Mansa. Alisafiri kwa basi tangu alfajiri, na njiani, ndani ya basi, alisikia redio. Alipoingia msibani hakulia. Aliuliza swali moja: "Nyumba ya huyo bibi ni ipi?" Akaonyeshwa. Akasema ataita mtu wa kunusa wachawi. Vijana wa mtaa hawakungoja mtu wa kunusa. Walivuka ua, wakarusha mawe. Madirisha mawili ya mbele yakavunjika. Ndani alikuwamo Bibi Chola na mjukuu wake, wamejikunyata nyuma ya kitanda.

Baba Mwaba alikuwa amekaa msibani tangu Jumamosi bila kusema neno. Hakula. Ukimsalimu alikutazama tu. Watu walidhani ni majonzi. Kioo cha kwanza kilipovunjika aliinuka. Alipita kwenye pengo la ua, akapita katikati ya vijana wenye mawe mikononi, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha Bibi Chola. Akaketi pale chini, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kwake.

Kaka wa marehemu akamfuata. "Shemeji, toka hapo."

"Sitoki."

Mnajua mila zetu. Mume aliyefiwa yuko mikononi mwa ukoo wa mke. Wao ndio watamtakasa na kifo hicho, wao ndio watamwachia huru. Mume hasimami kubishana na kaka wa marehemu, tena kabla ya mazishi. Mzee Lazaro akamkumbusha hayo, kwa ukali.

"Shemeji, dada yangu yuko mochwari. Wewe unamkalia mlango aliyemuua?"

"Hakumuua," Baba Mwaba akasema. "Ijumaa Mama Mwaba alimaliza kutengeneza lile jiko. Akalipeleka mwenyewe, kwa pengo hili. Nami nilikuwepo, nilibeba. Bibi alimshika mikono, akamwambia, 'Mdomo wangu huu, mwanangu, haujui kupiga hodi.' Wakacheka. Wakakaa wakamenya karanga mpaka jua likazama. Ile mikate unajua ilikuwa ya nani?"

Mzee Lazaro aligeuka kutazama tanuri ng'ambo ya ua.

"Ilikuwa ya sherehe ya jikoni ya mjukuu wa bibi huyu, kabla ya arusi yake. Mikate sitini. Dada yako alikuwa anawaokea hawa mnaowavunjia madirisha."

"Hayo ya Ijumaa," kaka akasema, "kwa nini hukuyasema jana? Kwa nini umenyamaza tu watu wakisema yao?"

Hapo, wasikilizaji, waliokuwepo wanasema Baba Mwaba aliikunja miguu yake. Kisha akasema, sauti ndogo, ila kila mtu akaisikia:

"Nilikuwa ninaona aibu. Ningeitaja mikate, mngeuliza ni nani aliyemtoa nje. Mvua ilipoanza sote tulikuwa ndani. Mama Mwaba alikuwa ameketi, anakunywa chai. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani, naona mvua inaipiga mikate iliyowekwa ipoe kando ya tanuri. Mimi ndiye niliyemwambia, 'Mama Mwaba, mikate yako inalowa.' Akaweka kikombe, akajifunika kichwa kwa sinia, akatoka mbio huku anacheka. Mimi sikutoka. Nilikuwa nimevaa viatu vya ndani." Akawatazama vijana. "Kama mnatafuta mtu wa kumpiga mawe, mtu huyo ameketi hapa."

Hakuna aliyerusha jiwe. Mzee Lazaro alivua kofia. Akasimama nayo mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Halafu akawageukia vijana. "Nendeni mkachimbe kaburi," akasema. "Mikono ikiwawasha, majembe yapo." Kisha naye akaketi chini, kwenye kizingiti kile kile, kando ya shemeji yake. Mwaba anasema hapo ndipo mjomba wake alipolia.

Tulimzika Jumatatu. Nilikuwepo. Bibi Chola aliletwa, akakaa mkekani na wanawake wa ukoo, na hakuna aliyemsogelea kwa ubaya. Hakuna pia aliyemsogelea kwa wema, mpaka Mwaba alipotoka alipokuwa amekaa, akaenda kumlalia mapajani. Tulipotaka kutoa jeneza, mtani mmoja wa Kingoni, mama mnene mwenye kitambaa chekundu, alilala mlangoni kutuzuia, kama ilivyo haki ya watani. Akasema, "Nyie Wabemba, fundi mmemwachia aende, nyumbani mmebaki na midomo tu. Nayo midomo hamna wa kuwatengenezea." Watu wakacheka. Nami nilicheka, na huku najua ananisema mimi.

Baada ya mazishi nilimwendea Baba Mwaba kumwomba ruhusa ya kipindi hiki. Nilimuuliza kipi nitaje na kipi niache. Alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Akaniambia, "Sema yote. Na hilo la mikate usiliache. Nikilificha litanila."

Nimelisema, Baba Mwaba. Sasa nawe nisikilize, maana najua redio yenu imewashwa. Mtu anayemwambia mkewe mikate inalowa hajaua mtu. Wanaume wangapi Luanshya walisema neno kama hilo Jumamosi ile, na wake zao wakarudi ndani wamelowa, wananung'unika? Sina neno la kukutoa ulipo. Nina hilo tu.

Kwa Baba Mwaba, kwa binti yetu Mwaba, kwa Mzee Lazaro na ukoo wote kule Mansa: poleni. Poleni sana kwa kumpoteza Leontina Nkandu. Alikufa Jumamosi, saa tisa na robo, kwa radi. Radi, wasikilizaji wapendwa. Hakuna aliyeituma.

Kwa Bibi Chola, nasema pole ya namna nyingine. Nilisoma ujumbe ule kwa mdomo huu. Nilikuwa na uwezo wa kuufuta nisiusome. Nilicheka. Kuna mtu alinisikia kwenye basi la Mansa, na kuna vijana walinisikia mtaani, na mchana ule ule mwanamke wa miaka sabini na nne alikuwa nyuma ya kitanda. Nisamehe, bibi. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ajiulize usiku wa leo alikuwa wapi Jumapili. Kwenye mawe, kwenye uzio akitazama, au kwenye simu akituma ujumbe. Aliyetuma ule ujumbe namba yake ninayo. Sitaitaja. Mimi ndiye niliyeusoma.

Madirisha ya Bibi Chola bado yamezibwa kwa maboksi. Mvua imenyesha mara tatu tangu hapo. Nimenunua vioo viwili, nimevipima mara mbili. Kesho kutwa, Jumamosi, saa nne asubuhi, nitakuwa pale kizingitini. Sijui kuweka kioo, wasikilizaji. Sijawahi kuhitaji kujua, maana tulikuwa na Mama Mwaba. Anayejua, na aje. Asiyejua, na aje anishikie ngazi.