Mawe ya Mzee Sostenes Rusengo (1953–2025)

Mzee Sostenes Bernardo Rusengo alizaliwa tarehe 4 Agosti 1953 Bugarama, wilayani Ngara, mtoto wa tatu wa marehemu Bernardo na marehemu Claudia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1969. Hesabu alizipenda, ila mwandiko wake ulikuwa mbaya, na mwenyewe alilisema hilo akicheka.

Uashi alifundishwa na mjomba wake. Mwaka 1981 alihamia hapa Nyamahanga, Biharamulo, na wengi mlioketi hapa mnalala juu ya misingi aliyoijenga yeye.

Alifunga ndoa na Adelfina tarehe 12 Mei 1979, wakajaliwa watoto watatu. Mama alipougua, marehemu alimpeleka zahanati kila wiki kwa mkokoteni uliovutwa na punda wao, Kadogo. Adelfina alifariki tarehe 20 Juni 2021. Tangu siku hiyo mzee hakuwa tena mtu wa mizaha.

Watoto walisomba mawe, kokoto na mchanga ili mama yao ajengewe kaburi. Masika ya 2022 Kadogo alishinda kwenye tope hadi kwato zikaanza kuoza. Luqmani, bwana mifugo, alisema dawa peke yake haitoshi: punda lazima apate pa kusimama pagumu na pakavu. Mzee akayachukua yale mawe. Alichimba futi moja zizini kwa Kadogo, akafungua mtaro kuelekea migombani, akapanga mawe makubwa, akashindilia kokoto juu yake. Kadogo akagoma kukanyaga, maana kwato hazikuwa na chuma na kokoto zilikuwa na ncha. Basi fundi mzima akavua mabuti, akatembea peku sakafu yote. Kila palipomchoma alisema "Lo!" akatoa kokoto, kisha akamwaga mchanga mzito juu. Majirani walicheka sana. Kadogo akapanda, akasimama, akapona.

Binti yake mkubwa, Deodata, mwalimu huko Kanazi, hakucheka. Alikuja likizo akaikuta sakafu.

"Baba, mama amefunikwa na udongo mtupu, punda ndiye anasakafiwa?"

"Mama yako hana tena miguu ya kuloa, mwanangu. Huyu anayo. Mawe nitayaleta mengine."

Deodata aliondoka siku hiyohiyo. Kwa karibu miaka mitatu alipiga simu sikukuu tu: shikamoo, marahaba, basi.

Mzee alitimiza neno lake. Kadogo alipopata nguvu walikwenda mtoni pamoja, wakirudi na mawe machache machache, kwa sababu hakutaka kumlemea. Januari 2025 mwenyewe alianza kuvimba miguu. Ilikuwa ni figo. Aliendelea kulijenga kaburi akiwa ameketi kwenye kigoda, mwanawe Samweli akimpa mawe. Mwezi Februari alimpigia Deodata mara tatu. Deodata aliliona jina la baba yake kwenye simu, akadhani ni habari za punda tena, hakupokea. Hilo linamuuma, na litamuuma.

Mzee Sostenes alifariki tarehe 11 Machi 2025 hospitalini, mjini Biharamulo, akiwa na miaka sabini na mmoja. Deodata alifika usiku, na kulipokucha alikwenda kwenye kaburi la mama yake. Alilikuta limejengwa vizuri kuliko msingi wa nyumba yoyote ya kijiji hiki, ila mahali pa jina palikuwa patupu. Samweli akamweleza walichokuwa wakisema siku zile za simu.

"Nilimwambia, baba, niandike mimi. Akasema, 'Acha. Mwalimu atakuja kuandika, yeye ndiye mwenye mwandiko.'"

Marehemu ameacha watoto watatu, Deodata, Samweli na Irine, wajukuu saba, mdogo wake Fabiani, na Kadogo, ambaye tangu jana amesimama kwenye sakafu yake, ameelekea njia ya mtoni.

Wasifu huu umeandikwa, na sasa umesomwa, na Deodata. Mazishi yakiisha ataandika jina la mama pale palipoachwa. Kaburi la baba nalo litajengwa, na mawe yake atayafuata mwenyewe, na Kadogo, machache machache.

Mungu akupumzishe mahali pakavu, Baba. Nimekuja.