Uwimana Tharsisi Nsabimana, Aliyeshona Gauni la Shuka (2001–2025)

Tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, ni binti yetu Uwimana Tharsisi Nsabimana. Alizaliwa tarehe 14 Machi 2001 hapa hapa Kitahana, wilayani Kibondo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Tharsisi Nsabimana na Mama Dafroza Ndayikeza. Bibi yake aliyempokea alisema mtoto huyu amekuja amekunja ngumi, kwa hiyo asitegemewe kuwa mtu wa kubembelezwa. Bibi hakukosea.

Akiwa na miaka saba alihitaji kitambaa laini cha kumvalisha mwanasesere wake wa gunzi, akakipata kwenye koti la baba yake la Jumapili. Alikata mfuko kwa uangalifu, kisha akalirudisha koti msumarini kana kwamba halijaguswa. Wakati wa sadaka Mzee Tharsisi alitumbukiza mkono mfukoni, mkono ukapitiliza na kutokea chini ya koti mbele ya waumini wote. Alipoulizwa, Uwimana alijibu kuwa mwanasesere hakuwa na nguo ya kanisani. Baba yake alijaribu kukasirika, akashindwa.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 2008 hadi 2014, na sekondari mjini Kibondo kuanzia 2015 hadi 2018. Matokeo ya kidato cha nne hayakumpeleka mbele, na familia haioni sababu ya kuyapamba leo. Alirudi nyumbani kwa mama yake, ambaye wengi wenu mliopo hapa mmelalia mashuka aliyoyadarizi. Kwake alijifunza kudarizi foronya na kufuma vitambaa vya makochi, lakini hakuridhika na kuiga. Magunia ya kahawa aliyageuza mazulia. Salfeti za mbolea alizishona mikoba ya shule, akaitia bitana ya kitenge. Vipande vilivyotupwa na mafundi vikawa mito. Mimi, mjomba wake Pasikali, nilipewa mto wenye vipande vya sare za harusi ambazo sikualikwa, akaniambia kuwa sasa na mimi nimehudhuria.

Januari 2022 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kasulu, kozi ya ubunifu wa mitindo ya miaka mitatu. Alipanga chumba kwa Bi Kuruthumu Hilali, muuza vitenge, ambaye alimpa kona ya baraza na cherehani, na baadaye akampa nafasi ya mwana. Bi Kuruthumu yuko nasi leo, na tunamshukuru.

Kazi ya mwisho ya chuo ilitaka vazi moja, lililobuniwa na kushonwa na mwanafunzi mwenyewe kwa kitambaa kilichotoka kwao. Desemba 2023 alikuja likizo. Sandukuni kwa mama yake yalikuwamo mashuka sita meupe yaliyoandaliwa kwa siku ambayo Uwimana angeagwa kwenda kuolewa, yamedariziwa maua ya maharage na ndege korongo. Kila binti wa ukoo wetu huondoka nyumbani na mashuka yake yakiwa mazima, hayajalaliwa wala kuguswa na mkasi. Uwimana alichukua moja akalikata bila kuomba. Aliamini kuwa mama yake akiona kitakachotoka ataelewa, na hapo alikosea. Dada yangu aliyaona mabaki siku ambayo mashangazi walikuwa wamekaa kuzungumzia mahari, akasema mbele yao wote: "Aliyekata shuka lake asitegemee kutoka nyumba hii kwa heshima."

Neno hilo lilimuumiza sana. Kwetu neno la mzazi halipeperuki kama moshi. Alirudi Kasulu na vipande vyake vya shuka, na mama na binti hawakuzungumza mpaka mavuno yakapita.

Marehemu hakujaliwa kufunga ndoa. Alikuwa mchumba wa ndugu Reverien Nduwayezu wa Kagerankanda. Wazee wa Reverien walipolisikia neno lile walisimamisha mazungumzo, lakini yeye aliwaambia kuwa haoi mashuka, akaendelea kuja Kasulu kila Jumapili. Familia inamtambua leo kama mkwe wetu.

Juni 2024 miguu ya Uwimana ilianza kuvimba na pumzi kumpungua. Hospitalini waligundua valvu ya moyo iliyoharibika tangu utotoni, na daktari akamkataza kukanyaga cherehani. Aliuliza kama cherehani ya mkono nayo imekatazwa. Daktari akanyamaza, naye akauhesabu ukimya huo kuwa ruhusa. Nguvu za kuzungusha gurudumu zilipokwisha, alishika sindano. Lakini mkasi ulikuwa umepita shingoni mwa korongo, na Kasulu nzima hakupatikana mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuiunganisha darizi ile ifanane na mkono wa mama yake. Wanafunzi wenzake walijitolea kumsaidia kumalizia sehemu nyingine. Alikataa, kwa sababu kanuni ilitaka mikono yake, na nadhani hata kama isingetaka angekataa vilevile.

Bi Kuruthumu ndiye aliyempigia simu dada yangu. Dafroza alifika mwanzoni mwa Septemba, akaketi ukingoni mwa kitanda na kulitazama vazi kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanawe kwa lugha ya nyumbani, akasema: "Mwana wanje, sindano yako sitaishika. Nitadarizi kitambaa changu, wewe utazame mkono wangu." Wakafanya hivyo kila asubuhi, mama kwenye kitambaa chake na binti kwenye gauni, wakifumua na kurudia. Neno la Desemba hakuna aliyeligusa.

Tarehe 19 Novemba 2024 watahini walitaka kila vazi lionekane likiwa mwilini. Wenzake walileta wasichana wembamba. Uwimana, akiwa ameketi kitini, alimwomba mama yake alivae. Dada yangu aligoma, akasema gauni la chuo haliwezi kumwenea mwanamke aliyezaa watano. Alipokubali kulivaa, lilimkaa mabegani, kiunoni na kwenye urefu, kwa sababu tangu siku ya kwanza lilikatwa kwa vipimo vya gauni lake la kanisani. Mwanamke aliyewadarizia maharusi wa vijiji vyote hivi akapita mbele ya watu akiwa amevaa kazi ya mikono yake na ya mwanawe. Nilikuwepo, na nililia. Matokeo yalitoka Januari, na Uwimana alifaulu.

Alilazwa mjini Kibondo tarehe 17 Februari. Jumapili jioni mama yake alimwambia kuwa neno lile alishaliondoa moyoni zamani. Uwimana akamjibu: "Mama, ulilisema mbele ya watu." Hakusema kwa hasira. Alitaka kazi imalizwe inavyopaswa, kama alivyotaka siku zote. Mashangazi waliitwa waje, lakini alfajiri ya Jumanne, tarehe 25 Februari 2025, saa kumi na moja, moyo wake ulisimama kabla hawajafika.

Ameacha baba na mama, kaka wawili, dada wawili, mchumba wake Reverien, mama yake wa Kasulu Bi Kuruthumu, mashangazi, wajomba na wanafunzi wenzake.

Neno lililosemwa mbele ya watu, ukoo wetu huliondoa mbele ya watu, na kabla ya udongo. Dada yangu amesimama hapa kando yangu amevaa gauni lile, na ameniagiza nisome maneno yake kama alivyoyatamka:

"Mimi Dafroza, neno nililomwambia Uwimana juu ya shuka nimeliondoa. Mashangazi mpo, mmesikia. Wazee wa Kagerankanda mpo, mmesikia. Mwanangu anatoka nyumba hii kwa heshima, na ninayemtoa ni mimi mama yake."

Imekamilika, Uwimana. Pumzika kwa amani.