Wewe Soma, Mimi Nahitimu: Miaka Thelathini na Mitatu ya Mama Asteria
Na Nasibu Salehe, chumba cha kurudufu

Watumishi wote mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kiti chenye mto wa maua kilichopo chumba namba tisa hakitaazimwa, hakitahamishwa wala kukaliwa na mtu yeyote mpaka uongozi ukae na kuamua. Kuna waliokwisha kuanza kukijaribu wakati wa chai. Tunawajua kwa majina. Waache.

Mwenye kiti ni Bi Doto Magesa, Mama Asteria, aliyestaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Shinyanga kwa miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa mwaka 1992 kama mpiga chapa. Mwaka uliofuata akakabidhiwa ukurasa wa mwisho wa jarida, ule wa "Wahitimu Wetu Wako Wapi", kwa sababu nzuri tu kwamba hakuna mwingine aliyeutaka.

Nani kapanda cheo, nani kaoa, nani kajifungua, nani katangulia mbele ya haki: watu hudhani hii ni kazi ya kukaa na kusubiri barua. Mama Asteria aligundua mapema kuwa mhitimu akiachiwa kalamu hujiandikia cheo anachokitamani. Basi hakuwauliza wahitimu. Aliwauliza mama zao.

Mwaka 2011 kijana mmoja alituma taarifa kutoka Geita kuwa sasa ni mkurugenzi wa kampuni ya dhahabu. Mama Asteria akampigia mama mzazi, aliyeko kijijini Mhunze.

"Mkurugenzi?" mama akashangaa. "Huyu huyu wangu? Si yumo kwenye duara, shimo la wachimbaji, na wenzake wanane, wanashuka kwa zamu! Juzi tu kaomba dawa ya mgongo."

Jarida likatoka: "Yupo Geita, katika sekta ya madini. Ameanzia chini." Kijana akapiga simu kushukuru.

Alikosea mara moja ninayoijua mimi. Alimtangaza kuwa marehemu mhitimu mmoja wa Chato, Yasini, kumbe aliyefariki ni jirani yake mwenye jina hilo. Yasini alipiga simu mwenyewe, hana hata hasira: "Shikamoo mama. Mimi nipo, nakula sato. Ila rambirambi zimeshaliwa na shemeji zangu, usije ukazidai." Toleo lililofuata liliandika: "Yasini tuliyemwombea toleo lililopita anawasalimu." Kosa lilisahihishwa ndani ya miezi mitatu, kwa maandishi, na kwa kuomba radhi. Naomba msomaji aishike hiyo miezi mitatu.

Maana mwaka 2002 Mama Asteria alijiandikisha shahada ya elimu, masomo ya jioni, hapa hapa chuoni. Mchana anapiga chapa mitihani ya wengine, jioni anakaa kufanya ya kwake. Miaka minne. Novemba 2006 kitabu cha mahafali kikatoka, kimechapwa chumba changu, na jina lake halimo. Lililomo ni Kulwa Magesa.

Kulwa ni pacha wake. Anauza mchele Kagongwa. Shule aliiacha darasa la saba na hajawahi kuililia.

Ilikuwaje? Kwenye fomu, Mama Asteria aliandika jina la pacha wake mahali pa ndugu wa karibu. Ofisi ya usajili ikaona majina mawili, baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Mahali pengine wangeuliza. Hapa kwetu hakuna wa kuuliza, kila mtu anajua: Kulwa ndiye anayetangulia kutoka tumboni, Doto anafuata. Afisa akaamua ni mwombaji mmoja aliyeandikwa mara mbili, akambakiza mkubwa. Alisema hivyo kwa kinywa chake, tena kwa kujiamini: "Mdogo hawezi kumruka mkubwa wake kwenye orodha."

Kwa hiyo shahada ikaenda Kagongwa.

Mama Asteria aliandika barua ya kuomba jina lisahihishwe. Kisha nyingine. Ziko kumi na moja, nakala zote nimezitoa mimi. Majibu ni mstari mmoja: suala lako linashughulikiwa. Mwaka 2013 wakataka hati ya kiapo kwamba yeye si Kulwa. Akaleta. Wakataka na ya Kulwa kwamba yeye si Doto. Ikaletwa. Ndipo wakaagiza waje wote wawili, ana kwa ana. Kulwa akafunga duka, akaja. Wamama wawili wakasimama mbele ya meza, sura moja, kimo kimoja, hata vitenge walivaa sare kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Bwana Maganga wa usajili akawatazama huku, akawatazama kule, akavua miwani.

"Sasa hapa," akasema, "ndiyo mmezidi kunichanganya."

Jalada likafungwa.

Tunacheka, lakini tuseme kinachochekesha kiko wapi. Mara tatu nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano imetangazwa, na mara tatu Mama Asteria ameambiwa hana shahada. Mara tatu ameripoti kwa bosi mpya ambaye habari za mahafali yake ziliandikwa na Mama Asteria mwenyewe. Na kila mwaka, mwaliko wa sherehe ya wahitimu wa 2006 huandaliwa na dawati lake. Kwa miaka kumi na minane Doto amemwandikia Kulwa, "Ndugu Mhitimu, chuo kinajivunia mafanikio yako," akapiga muhuri, akapeleka posta.

Kulwa alihudhuria mara moja, mwaka 2017, kwa hasira ya kumtetea mdogo wake. Hakupewa nafasi ya kusema. Alipewa kofia, pilau, na picha na mgeni rasmi. Walipomuuliza shughuli zake akajibu kuwa anauza mchele; ripoti ikamtaja kama mtaalamu wa mnyororo wa thamani wa mpunga. Akapita chumba namba tisa na kofia yake kichwani. "Mdogo wangu, tumegawana vizuri," akasema. "Wewe soma, mimi nahitimu." Walicheka mpaka wakashikana. Halafu Kulwa akavua ile kofia na kuiacha juu ya meza, na hapo hakuna aliyecheka.

Mama Asteria hakuwahi kulilia kiti kikubwa. Alichotaka ni mstari mmoja kwenye ukurasa wake mwenyewe, kabla hajaondoka: Doto Magesa, shahada ya elimu, 2006. Angeweza kuuchomeka usiku wowote, funguo alikuwa nazo. Hakufanya hivyo. Bila barua ya usajili, alisema, huo utakuwa uongo kama wa yule wa Geita.

Barua imekuja. Ilisomwa kwenye hafla ya kumuaga, Ijumaa tarehe 4 Julai, Kulwa akiwa meza ya mbele. Ombi limekubaliwa. Jina litasahihishwa kwenye orodha, na cheti kipya kitatolewa mara orodha itakaposahihishwa. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Bwana Maganga alipongezwa, akainuka, akapunga mkono.

Wabeja sana, yaani asante sana, Mama Asteria. Umetuandika sote kwa ukweli na kwa staha, wazima na waliotangulia. Mungu akupe afya, mvua za kutosha shambani, na wajukuu wasiojua kupiga chapa.

Barua imesainiwa tarehe 2 Julai. Aya ya mwisho inasema marekebisho ya orodha yatafanywa na mtumishi wa dawati la wahitimu. Dawati hilo la chumba namba tisa halina mtumishi.