Wendell Pettaway Alimaliza Muziki Wake (1943–2024)

Wendell Elbert Pettaway alizaliwa tarehe 11 Machi 1943 mjini Dayton, Ohio, mtoto wa kwanza wa Elbert, mfanyakazi wa posta, na Hattie, aliyeongoza kwaya ya kanisa hili. Piano ya sebuleni kwao ilikuwa na kibonyezo kimoja cha upande wa sauti nzito kilichokufa. Kila zamu ya kibonyezo hicho ilipofika katika wimbo, Wendell alikibonyeza vilevile, akaingoja ile sauti isiyokuwepo ipite, ndipo akaendelea.

Alisoma shule za hapa mjini, na mwaka 1961 alipata ufadhili wa kwenda chuo cha muziki huko Cleveland. Mwalimu wake alimuuliza, "Kijana, mbona unasimama hapo?" Akajibu, "Sijasimama, mwalimu. Kwetu hapo pana sauti, ila haitoki."

Tangu mwaka 1967 hadi 2009 alifundisha, huku akitunga muziki wa piano pekee, bila mwimbaji wala ala nyingine. Kazi zake zilipigwa Chicago, New York na Berlin. Wapo waliosema muziki wake ni mgumu. Hakuwahi kuwaomba radhi, na familia haiombi leo.

Verlene Stokely, mwalimu wa hisabati, alihudhuria onyesho lake huko Cincinnati. Ukumbi mzima ulipopiga makofi, yeye alitulia. "Dada, hukupenda?" Wendell alimuuliza baadaye. "Nilipenda," akasema, "lakini ulikuwa hujamaliza. Mguu wako ulikuwa bado kwenye pedali." Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Juni 1969.

Mwaka 2016 aliugua Parkinson, maradhi yanayotetemesha mikono. Hata hivyo, Aprili mwaka jana alipiga mwenyewe kazi yake ya mwisho, "Sebuleni kwa Mama". Mwishoni kidole chake kilishuka, na noti haikusikika. Gazeti moja liliandika kwamba maradhi yalimpokonya noti ya mwisho. Familia inapenda ijulikane kwamba sivyo. Kibonyezo kikishushwa taratibu hakilii, lakini waya wake hubaki huru mpaka kidole kiinuliwe, ukiitikia kwa mbali noti zilizotangulia. Ndivyo alivyotaka.

Hata mdogo wake, Roscoe, alimfuata jikoni siku chache baadaye.

"Kaka, watu wanakuonea huruma. Ongeza noti moja tu, yenye nguvu, wajue umemaliza."

"Wee Roscoe, nani alikata waya wa piano ya Mama akatengenezea mtego wa sungura?"

"Aa, jamani! Mpaka leo hujasahau?"

"Nisahau vipi? Wewe ulichapwa ukamaliza, mimi nikaachiwa kimya. Noti hiyo ni yako, bwana mdogo. Usije ukaniharibia mara ya pili!"

Walicheka hata Verlene akaja kuona kuna nini.

Wendell alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2024, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, Verlene. Binti, Lenora, na mumewe, Curtis. Wajukuu Simone na Elbert. Mdogo wake, Roscoe. Na wanafunzi wengi.

Sasa mwanafunzi wake, Delphine Acker, atapiga "Sebuleni kwa Mama". Kibonyezo cha mwisho atakishusha Roscoe, ambaye ameomba mwenyewe. Tunawasihi msipige makofi wala kuitikia amina kabla hajainua kidole, kwa kuwa Wendell atakuwa bado hajamaliza. Roscoe akishakiinua, mwacheni kaka yake apumzike kwa amani.